Polishi ya Krimu kwa Visu vya Kukunja Vilivyofubaa: Inafaa, Ila Si kwa Kila Sehemu

Polishi ninayoitathmini hapa ni ile ya krimu nzito inayouzwa ndani ya tyubu na kutangazwa kuwa inafaa kwa shaba, nikeli, kromu, alumini na chuma kwa pamoja. Nimeitumia kwa muda wa miezi saba juu ya visu vinne vya kukunja vya jadi, ambavyo kila kimoja kilikuwa kimefubaa kwa namna yake. Kando yake niliweka polishi ya maji ya kopo, dawa ya meno, siki pamoja na soda ya kuokea, na nta ya kuhifadhia metali, ili nisije nikaisifu krimu kwa sababu tu sikuijaribu nyingine. Majina ya watengenezaji wa polishi nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa kinachoamua matokeo ni kilichomo ndani, na krimu mbili za tyubu zilizopita mikononi mwangu zilitofautiana kwa ukubwa wa chembe zaidi kuliko kwa jambo jingine lolote.

Kisu cha kwanza nilikirithi kwa mjomba: kina mpini wa mfupa uliochongwa vifereji, kofia mbili za metali nyeupe kwenye ncha za mpini, mabamba ya shaba ya manjano yaliyojificha ndani, na bapa mbili za chuma cha kaboni zinazoshikiliwa na springi ya mgongoni, bila kufuli yoyote. Cha pili ni Opinel ya mpini wa mti, aina ya kisu kilichoanza kutengenezwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na ambacho pete yake ya kufungia bapa iliongezwa mwaka 1955. Cha tatu ni Higonokami ya Kijapani, ambayo mpini wake si chochote ila bati la shaba ya manjano lililokunjwa. Cha nne ni Victorinox, kisu cha Uswisi chenye mabamba ya alumini ya nje yaliyotiwa vinundu. Mtu akivitazama kwa haraka atasema vyote ni vichafu na vinahitaji kung'arishwa, na hapo ndipo kosa la kwanza hutokea.

Kufubaa kwa shaba si sawa na kufubaa kwa chuma. Shaba ya manjano hupoteza mng'ao kwa sababu jasho la vidole, hewa na salfa huitengenezea utando wa kahawia, na ikikaa mahali penye unyevu na asidi hufanya ule unga wa kijani ambao kila aliyewahi kufungua kisu cha zamani anaujua. Zile kofia nyeupe, ambazo wengi hudhani ni fedha, kwa kawaida hazina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, nazo hufifia kuwa za manjano hafifu kama karatasi iliyokaa juani. Chuma cha kaboni kina mambo mawili yanayofanana kwa jicho lakini yenye tabia tofauti kabisa: kuna utando wa kijivu au wa buluu iliyokolea, unaotokana na kukata matunda na nyama kwa miaka, nao hukikinga chuma kwa kiasi fulani, na kuna kutu nyekundu, ambayo inakula. Namna rahisi ya kuvitofautisha ni kudondosha tone la mafuta mepesi juu ya doa, kuliacha kwa muda, kisha kulifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo mwekundu, kutu ingali hai na inahitaji kuondolewa. Kikitoka kikiwa safi au chenye ukijivu kidogo, liache doa hilo kama lilivyo, maana ni umri wa kisu na si uchafu wake.

Jaribio la kwanza la krimu nililifanya kwenye kofia ya kisu cha mjomba. Nilikifunga kisu, nikaweka krimu kiasi cha punje ya mchele juu ya kitambaa cha pamba kilichokuwa fulana, nikasugua kwa dole gumba kufuata urefu wa mpini, si kwa mizunguko. Baada ya sekunde chache kitambaa kiligeuka cheusi tititi. Nilifurahi, nikidhani ni uchafu wa miaka arobaini unaotoka, nikaendelea kusugua nikingoja weusi uishe. Haukuisha. Nilihamia sehemu safi ya kitambaa, nikaweka krimu nyingine, weusi ukarudi vilevile, hata pale ambapo kofia ilikuwa imekwisha kung'aa kiasi cha kuonyesha kivuli cha kucha yangu. Ndipo nilipoelewa kwamba weusi ule si uchafu peke yake: ni metali yenyewe inayokwanguliwa katika chembe ndogo mno na kuchanganyika na krimu. Mtu anayesugua hadi kitambaa kibaki cheupe atasugua hadi kofia iishe. Tangu siku hiyo kipimo changu ni jicho na wala si kitambaa, nami husimama pindi umanjano unapotoweka, hata kama mikwaruzo ya zamani bado inaonekana.

Hapa yafaa kusema kidogo kuhusu kilichomo. Krimu hizi nyingi zina unga mgumu, mara nyingi oksidi ya alumini, uliochanganywa na mafuta na sabuni. Oksidi ya alumini ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, ambacho mwisho wake ni almasi yenye 10, ilhali shaba ya manjano iko karibu na 3. Kwa hiyo maneno "haikwaruzi" yanayoandikwa kwenye baadhi ya tyubu yasomwe kwa busara: inakwaruza, ila chembe zake ni ndogo kiasi kwamba jicho linaona mng'ao mahali penye mikwaruzo. Krimu yangu nyeupe na laini iliacha uso ambao hata chini ya lenzi ya kukuza mara 10 ulionekana karibu sawasawa. Krimu ya kijivu, ambayo ukiibana kati ya vidole unahisi kitu kama vumbi la chaki, iliacha mistari ambayo ilibidi niiondoe kwa ile nyeupe. Anayenunua afungue kifuniko na kuisikia kwa vidole ikiwa anaruhusiwa. Vidole ni waaminifu kuliko maandishi.

Lawama kubwa niliyo nayo dhidi ya krimu haihusu metali hata kidogo, inahusu mfupa. Vifereji vya mpini wa mfupa huipokea krimu kama ufa unavyopokea maji, na ikikauka humo hugeuka unga mweupe unaoufanya mpini mzima uonekane kama umepakwa chokaa. Nilitumia karibu saa nzima nikichokonoa kwa kijiti cha meno na mswaki laini uliotiwa mafuta kidogo, nami nasadiki kwamba kwenye mifereji miwili iliyo karibu na kofia bado kuna alama ambayo haitatoka. Kosa ni langu, kwa maana ningeweza kuufunika mfupa kwa utepe wa karatasi wenye gundi nyepesi kabla ya kuanza, jambo linalochukua dakika mbili. Lakini karatasi ya maelekezo iliyokuja na tyubu haikutaja mfupa, pembe wala mti, kana kwamba kila kitu duniani ni bampa ya gari. Mpini wa ganda la chaza, ule unaong'aa kama lulu, unahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa umefanywa kwa kalisi kaboneti na asidi yoyote, hata ya limau, huula.

Kiungo cha bapa nacho ni mtego. Krimu ikiingia kwenye pini ambapo bapa huzunguka, huchanganyika na mafuta ya zamani na kuwa tope jeusi lenye chembe ngumu, na kila unapofungua na kufunga kisu unakisaga kiungo chako mwenyewe. Kisu cha mjomba kilikuwa kinafunguka kwa mlio mzuri wa kukata, ule ambao wapenzi wa visu vya springi huusikiliza kama fundi anavyosikiliza injini, lakini baada ya kung'arishwa kikaanza kufunguka kwa kukwaruza. Dawa yake ni kukiosha kiungo kwa mafuta mepesi ya cherehani: dondosha matone mawili, funga na fungua mara ishirini, futa, rudia, hadi mafuta yanayotoka yawe angavu. Mimi nilirudia mara sita. Mlio ulirudi. Usitumie mafuta ya kupikia kwa kazi hii, kwa maana baada ya muda huganda na kunata, na kiungo kitakuwa kizito kuliko hapo mwanzo.

Sasa nije kwenye bapa, mahali ambapo krimu haistahili kabisa maksi inazopewa. Juu ya bapa kubwa ya kisu kile palikuwa na maandishi hafifu yaliyochorwa kwa asidi kiwandani, ya rangi ya kijivu, ambayo ukikigeuza kisu kwenye mwanga yanatokea na ukikigeuza tena yanapotea. Maandishi ya namna hiyo hayana kina. Ni rangi tu kwenye ngozi ya chuma. Nilipitisha kitambaa chenye krimu mara nne, pengine tano, nikiwa na nia ya kuondoa doa moja karibu na mahali pa kuingizia ukucha, na nilipofuta nikakuta bapa nyeupe kama kijiko kipya, bila herufi hata moja. Alama iliyogongwa kwenye kitako cha bapa ilibaki, kwa kuwa hiyo imechimbwa, lakini yale maandishi hayatarudi. Kwa mtu anayekusanya visu hasara hiyo ni ya thamani, kwa kuwa wanunuzi wazoefu huulizia kwanza maandishi ya bapa. Kwangu ilikuwa hasara ya aina nyingine, maana ni sehemu ambayo mjomba alizoea kuipitishia kidole akiwa anaongea.

Kwa bapa ya chuma cha kaboni yenye kutu kidogo, kilichofanya kazi vizuri kuliko krimu ni sufi laini kabisa ya chuma, ile yenye alama ya sufuri nne, iliyoloweshwa mafuta na kusuguliwa kwa mkono mwepesi mahali penye kutu tu. Inang'oa kutu nyekundu na kuuacha utando wa kijivu karibu ulivyokuwa. Bapa ilazwe juu ya ubao, na mkono uende kutoka mgongoni kuelekea makali na kuvuka nje, usirudi. Kukizungushia kitambaa kisu kilicho wazi na kukivuta ndani ya kiganja, jinsi wengi wafanyavyo wakifuta vijiko, ni njia ya haraka ya kushonwa nyuzi.

Mahali ambapo krimu ilinishawishi bila shaka ni kwenye Higonokami. Mpini ule wa bati la shaba hauna mfupa wala vifereji, umesimama wazi, na krimu nyeupe iliutoa kwenye kahawia ya chai nzito hadi manjano ya jua la asubuhi kwa muda usiozidi dakika kumi. Herufi za Kijapani zilizogongwa pembeni zilibaki na weusi ndani yake, kwa kuwa niliacha kusugua kwa ncha ya kidole na nikatumia kitambaa kilichokazwa juu ya kipande cha mti bapa. Hila hiyo ndogo naipendekeza kwa kila maandishi yaliyochimbwa: kidole kinazama ndani ya herufi na kuondoa weusi unaozifanya zisomeke, ilhali mti hupita juu. Hata hivyo furaha haikudumu. Katika wiki ya tatu alama za vidole zilikuwa zimeanza kuonekana kama madoa ya pinki na kahawia, na kufikia wiki ya sita mpini ulikuwa umerudi nusu ya safari.

Ndipo ilipoingia nta. Nilitumia Renaissance Wax, nta ya chembe ndogo iliyobuniwa katika maabara za British Museum miaka ya 1950 kwa ajili ya kuhifadhi vitu vya makumbusho, na ambayo ni bidhaa pekee kati ya nilizojaribu iliyonipa zaidi ya nilichotarajia. Unapaka utando mwembamba sana, unangoja kidogo, unafuta kwa kitambaa kikavu. Shaba haishiki tena alama ya kidole, mfupa unapata uhai bila kung'aa kupita kiasi, na hata mti wa Opinel unaipokea. Baada ya miezi mitatu mpini wa Higonokami uliotiwa nta ulikuwa umefifia kidogo tu, tena kwenye kingo ambazo mkono hushika zaidi. Kwa bapa inayogusa chakula kila siku sikuitumia. Hapo nilipaka mafuta ya madini yasiyo na harufu, ya daraja la kuliwa, nami huosha bapa yoyote iliyoguswa na polishi kwa maji ya sabuni kabla haijakata hata nyanya.

Washindani wengine nitawapitia kwa haraka. Polishi ya maji ya kopo ina harufu kali ya amonia, inang'arisha shaba kwa kasi kuliko krimu, na ndiyo kasoro yake: inatiririka. Kwenye kisu cha kukunja hakuna sehemu ambayo kimiminika hakitafika, na kikishafika nyuma ya bamba la ndani hakuna kitambaa kitakachokifuata. Amonia ikikaa muda mrefu kwenye shaba ya manjano iliyokazwa kwa nguvu inaweza kuipasua, nayo mabamba ya ndani ya kisu cha springi yamekazwa daima. Dawa ya meno nyeupe, ile ya kawaida isiyo ya jeli, ilifanya kazi kwenye kofia za nikeli kwa upole wa kushangaza lakini kwa uvivu, na mabaki yake kwenye vifereji ni mabaya kuliko ya krimu. Siki ndiyo iliyoniletea aibu. Niliichovya ncha ya bapa ya Opinel kwa nusu saa nikitaka kuondoa kutu, nikaitwa mlangoni, nikarudi baada ya saa mbili na kukuta mstari mweusi uliokatwa sawasawa pale uso wa siki ulipoishia. Soda ya kuokea iliyokorogwa kwa maji iliizima asidi, lakini mstari upo hadi leo. Na asidhani mtu kwamba angekitumbukiza kisu kizima mambo yangekuwa afadhali, kwa kuwa mti wa mpini hunyonya maji, huvimba, na bapa hukwama ndani kama droo wakati wa mvua.

Kuhusu Victorinox sina mengi. Alumini ya mabamba yake imefanyiwa utando wa oksidi kiwandani, na rangi yake imo ndani ya utando huo mwembamba. Krimu inautoa. Niliijaribu kwenye pembe ndogo ya nyuma, nikaona rangi ikififia, nikaacha. Maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki laini na tone la mafuta kwenye viungo vilitosha. Bapa yake ni ya chuma kisichoshika kutu kwa urahisi na haikuwa imefubaa bali imechafuka.

Wapo watakaouliza kwa nini nisugue kwa mkono ilhali kuna mashine ndogo za umeme zenye gurudumu la kitambaa. Nimeitumia moja kwenye kipande cha chuma cha majaribio, na haitagusa kisu changu. Chuma cha kaboni cha bapa hupewa ugumu wake wa mwisho kwa kupashwa moto wa kiasi cha nyuzi 200 za Selsiasi hivi, na makali membamba yakipashwa kupita hapo hugeuka manjano, kisha buluu karibu na nyuzi 300. Yakishakuwa ya buluu yamelainika, hata kama yanameremeta. Zaidi ya hayo gurudumu likinasa ukingo wa bapa hukirusha kisu, na halichagui upande.

Kwa jumla naipa krimu nyeupe maksi 4 kati ya 5 kwa kofia na mipini ya shaba, 2 kwa bapa, na sifuri kwa alumini yenye rangi. Tyubu moja ya gramu 50 bado imejaa zaidi ya nusu, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kubwa. Ile ya kijivu sitainunua tena. Nta ningeinunua kwanza kabla ya polishi yoyote, na jambo moja la bure limesaidia kuliko vyote: nimeacha kuvihifadhi visu ndani ya vifuko vya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na asidi za kutengenezea, na ule unga wa kijani kwenye shaba ya kisu cha mjomba ulikuwa umekaa sawasawa pale ngozi ilipogusa. Sasa vinalala kwenye kitambaa kikavu ndani ya droo. Kopo la polishi ya maji sikulitupa. Linang'arisha vitasa vya milango, na kwa kazi hiyo sina neno nalo.